Diski Mbili za Shangazi

Usiku wa Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulilipuka. Sisi wa Gisenyi tuliona anga la upande wa Goma limekuwa jekundu kana kwamba jua limekataa kuzama. Haukupita muda mrefu watu wakaanza kuvuka mpaka kuja kwetu, wengine wakiwa na magodoro kichwani, wengine na watoto mgongoni, wengine mikono mitupu. Miongoni mwao alikuwa shangazi yangu, dada mdogo wa baba, ambaye aliolewa Goma. Alifika nyumbani kwetu Mbugangari karibu saa sita usiku, akiwa na mtoto wake wa kiume wa miaka 11 na mkoba mmoja.

Asubuhi aliufungua ule mkoba mbele yetu. Mlikuwa na kadi yake ya mpiga kura, ambayo huko Kongo hutumika kama kitambulisho, cheti cha ubatizo cha mtoto, kitenge kimoja, na diski mbili zilizofungwa ndani ya leso. Mama alishindwa kujizuia. Akasema kwa utani, "Wifi, moto unakufukuza, nawe unabeba filamu?" Shangazi hakucheka. Alijibu kwa Kiswahili chake cha Goma: "Haiko filamu. Ni bwana yangu."

Zilikuwa diski za harusi yake ya mwaka 2008. Mumewe alifariki mwaka 2010, mtoto akiwa na miezi michache tu. Deki ya nyumbani kwao ilikuwa imeharibika zamani, na kwa miaka mingi diski zile zilikaa kabatini bila kuchezwa. Mtoto alikuwa ameziona picha za baba yake, lakini sauti yake hakuwahi kuisikia. Shangazi alinitazama, akaniambia: "Wewe unajuaka mambo ya kompyuta. Fanya huyu mutoto asikie baba yake."

Wakati huo nilikuwa mwaka wa tano wa sekondari. Nyumbani niliitwa fundi kwa sababu tu nilijua kuweka nyimbo kwenye simu za watu. Nikamjibu kwa kujiamini, "Usijali, Shangazi. Hiyo ni kazi ya dakika tano." Insha hii inaeleza jinsi dakika hizo tano zilivyogeuka kuwa zaidi ya mwaka, na jinsi ujuzi wangu mdogo ulivyoipotezea familia yetu kitu ambacho hakitarudi.

Jirani yetu mmoja, mwalimu, alikuwa na kompyuta ya zamani yenye sehemu ya kuingizia diski. Niliingiza diski ya kwanza nikitarajia kukuta faili moja lenye jina kama "Harusi". Badala yake nilikuta mafolda kadhaa, na ndani ya folda lililoitwa MPEGAV mlikuwa na faili kubwa lenye jina AVSEQ01.DAT. Nilipolibonyeza, kompyuta iliniuliza nataka kulifungua kwa programu gani. Sikujua la kujibu. Nikalinakili tu. Diski ya pili, ambayo ndiyo iliyokuwa na sherehe ya ukumbini na hotuba ya bwana harusi, ilikuwa imekwaruzika. Kompyuta iliunguruma nayo karibu saa nzima, lakini mwishowe faili lake nalo likanakiliwa lote.

Hapo nikafanya jambo ambalo naamini wengi wetu tumewahi kulifanya. Nilibadilisha jina. Nilifuta herufi za mwisho, DAT, nikaandika mp4, kwa sababu nilijua kwamba video za kwenye simu huishia na mp4. Nikalihamishia faili kwenye simu yangu, nikamwita shangazi na mtoto wakae karibu nami. Simu ikaandika kwamba video hii haiwezi kuchezwa. Nikajaribu tena. Ikaandika vilevile. Mtoto aliinuka akaenda kucheza nje, na shangazi akasema pole kana kwamba mkosaji alikuwa yeye.

Kosa langu naweza kulieleza vizuri zaidi leo kwa kuwa nasoma Kiswahili. Katika somo letu la fasihi tulionyeshwa picha ya ukurasa wa mswada wa zamani wa Kiswahili ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama ule wa Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake kongwe ni ya mwaka 1728. Lugha ilikuwa yetu, lakini darasa zima lilinyamaza, kwa maana hatukuijua ile hati. Sasa, msomaji, fikiri kwamba nimeuchukua ukurasa ule nikautia ndani ya bahasha, kisha nje ya bahasha nikaandika "Herufi za Kirumi". Je, sasa utaweza kuusoma? Huwezi. Nilichobadilisha ni maandishi ya nje ya bahasha, wala si hati iliyomo ndani.

Faili la video lina sehemu hizo. Kuna jina la nje, yaani zile herufi tatu au nne za mwisho. Kuna chombo, yaani namna picha, sauti na maandishi yanavyopangwa pamoja ndani ya faili moja ili yaende sambamba. AVI, chombo kilicholetwa na Microsoft mwaka 1992, ni mojawapo. MP4 ni kingine. Na MKV, kilichoanza mwaka 2002, jina lake kamili Matroska linatokana na wale wanasesere wa Kirusi wanaokaa mmoja ndani ya mwingine. Ndani kabisa kuna kodeki, yaani kanuni iliyotumika kuandika picha na sauti zenyewe. Picha huwa na kodeki yake na sauti huwa na yake. Ndiyo maana mafaili mawili yanaweza yote kuishia na mp4, moja likacheza kwenye televisheni yenu na jingine likakataa. Bahasha ni za aina moja. Hati zilizomo ni tofauti.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tusiandike picha jinsi zilivyo, bila kanuni yoyote, ili kila mashine isome? Jibu ni hesabu. Picha moja ya video ya siku hizi ina vidoti 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani vidoti zaidi ya milioni 2. Kila kidoti kinahitaji baiti 3 za rangi, na kila sekunde zinahitajika picha kama 25. Zidisha, utapata takriban megabaiti 155 kwa sekunde moja. Kwa saa moja ni karibu gigabaiti 560. Hakuna flashi ya mwanafunzi inayoweza kubeba harusi ya namna hiyo.

Kodeki hupunguza mzigo huo kwa kutosema jambo lile lile mara mbili. Chukua ukumbi wa harusi ya shangazi. Pazia nyuma ya maharusi halisogei. Meza haisogei. Kinachosogea ni mikono ya wachezaji na midomo ya wasemaji. Basi kodeki huandika picha moja kamili, kisha kwa picha zinazofuata huandika tofauti tu: hapa mkono umepanda, pale kichwa kimegeuka. Baada ya muda huandika tena picha kamili, na kuendelea hivyo. Ni kama mtu anayesimulia: hakuelezi upya nyumba nzima kila mara mhusika anapopiga hatua. Hii pia ndiyo sababu ya vile viraka vya mrabamraba tunavyoviona diski inapokuwa na mkwaruzo. Tofauti moja ikipotea, zote zinazoitegemea huharibika hadi picha kamili nyingine ifike.

Diski za shangazi zilikuwa VCD, aina ambayo kanuni zake ziliwekwa mwaka 1993. Picha zake ziliandikwa kwa kodeki iitwayo MPEG-1, na diski moja ilibeba dakika kama 74. Ndiyo maana harusi nyingi za wakati ule zilitoka studio zikiwa diski mbili: moja ya kanisani, moja ya ukumbini. Ulaya VCD hazikuenea sana, lakini Asia na kwetu Afrika zilikuwa nafuu, zikabeba filamu, kwaya na harusi zetu kwa miaka mingi. Faili lile la DAT halikuwa limeharibika hata kidogo. Programu yoyote iliyoijua MPEG-1 ingelicheza. Mimi sikulijua hilo, kwa hiyo nilikwenda kutafuta msaada.

Nilikwenda kwa kijana mmoja mwenye kibanda cha kuingizia watu filamu kwenye flashi na simu. Kila mkazi wa Rubavu anavijua vibanda hivi. Biashara yao kubwa ni agasobanuye, yaani filamu za kigeni ambazo msimulizi wetu amezitilia maelezo ya Kinyarwanda, kama walivyofanya Yanga na Rocky Kimomo. Jirani zetu nao wana wasimulizi wao wa Kiswahili: Watanzania walikuwa na Lufufu, Wakenya wana DJ Afro. Kijana huyu hakusoma chuo chochote cha teknolojia, lakini alijua kutokana na mazoea ni faili gani litacheza kwenye televisheni ya nani. Alilifungua faili langu papo hapo, na kwa mara ya kwanza nikamwona shangazi yangu akiwa bibi harusi.

Akaniuliza, "Unataka kulitazamia kwenye simu gani?" Nikamwonyesha simu ya shangazi, ndogo, ya vitufe, yenye kadi ya kumbukumbu iliyokaribia kujaa. Akasema simu ile inakubali 3GP tu. Akaligeuza faili la ukumbini, kazi iliyochukua muda wa kunywa chai. Faili lililoingia lilikuwa na zaidi ya megabaiti 500. Lililotoka lilikuwa na kama 40. Nilifurahi sana. Nilidhani huo ndio uhodari wenyewe, kubana kitu kikubwa kiwe kidogo bila kupoteza chochote, kama mtu anayekunja nguo vizuri ndani ya sanduku.

Jioni ile tulikaa wote kwenye mkeka, tukiikaribia simu ile ndogo. Ardhi ilikuwa ikitetemeka mara kwa mara siku zile, na ukuta wa jikoni kwetu ulikuwa tayari na ufa. Picha ilikuwa ndogo na yenye ukungu. Nyuso hazikutambulika vizuri. Kwaya ilipoimba, sauti ilitoka kama upepo ndani ya jerikani. Kisha akasimama bwana harusi, akashika kipaza sauti, akamgeukia mama mkwe wake, ambaye ni nyanya yangu, akasema: "Mama, mulinipatia binti yenu, aksanti sana. Mimi siko mutu ya maneno mingi." Watu wakacheka. Akaendelea kidogo, akakaa.

Mtoto hakusema neno. Aliomba turudie. Tukarudia. Akaomba tena. Mara ya nne alikuwa akisema maneno yale pamoja na baba yake, kwa sauti ya chini, na lafudhi ile ile.

Siku mbili baadaye mwalimu alisema kompyuta yake imejaa, akaniuliza kama bado nahitaji yale mafaili makubwa. Nikasema hapana, nimekwisha yageuza. Nikayafuta mwenyewe, na pipa la takataka la kompyuta nikalimwaga. Mwezi wa Juni hali ilipotulia, shangazi alirudi Goma na mkoba wake, na diski zake mbili.

Mwaka uliofuata mtoto alikuwa akijiandaa kupata komunyo ya kwanza. Shangazi alitaka hotuba ile ionyeshwe kwenye televisheni siku ya sherehe, mbele ya ndugu wa upande wa mumewe. Nikaliweka lile faili la 3GP kwenye flashi, nikalijaribu kwenye televisheni yetu. Picha ilikuwa lundo la viraka visivyo na sura. Nikamwambia shangazi alete tena diski, nitatengeneza nyingine nzuri. Akazileta. Ya kwanza ilikuwa nzima. Ya pili nilipoiinua dirishani niliona mwanga ukipenya. Sehemu ya juu, ile yenye rangi na maandishi, ilikuwa imebanduka vipande vipande. Wengi hudhani kwamba upande wa kuogopewa ni ule wa chini unaong'aa. Kumbe katika diski kama hizi tabaka linalobeba taarifa liko juu, chini ya rangi tu. Likibanduka, hakuna kinachobaki cha kusomwa. Kompyuta haikuitambua hata kama diski.

Nilikaa na jambo hilo siku tatu bila kumwambia mtu. Nilijua kwamba mwaka mmoja kabla nilikuwa na nakala kamili mkononi mwangu, na kwamba aliyeifuta ni mimi.

Katika siku hizo tatu ndipo nilipoanza kujifunza kwa dhati. Niliweka programu ya VLC, ambayo ilianzishwa na wanafunzi wa chuo kimoja cha Paris mwaka 1996 na hutolewa bure. Mbali na kucheza video karibu za kila aina, inaweza kukuonyesha kilichomo ndani ya faili, yaani kodeki ya picha, kodeki ya sauti, na vipimo vyake. Nilifungua diski ya kwanza, ya kanisani: picha MPEG-1, upana vidoti 352, kimo 288; sauti ya njia mbili, sampuli 44,100 kwa sekunde. Nikafungua lile faili la 3GP: picha H.263, upana 176, kimo 144, yaani robo kamili ya eneo la awali. Sauti AMR, njia moja, sampuli 8,000 kwa sekunde. Sauti ya diski ilitumia biti 224,000 kila sekunde. Ile ya 3GP ilitumia biti 12,200, upungufu wa zaidi ya mara 18.

Nikasoma kuhusu AMR, na hapo nikaelewa jambo lililonishangaza. Kodeki hii haikutengenezwa kwa ajili ya muziki. Ilitengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu za mkononi. Hukisia jinsi koo na mdomo wa mtu mmoja vinavyotoa sauti, kisha huandika makisio hayo tu, na kuacha sauti zote nyembamba zinazopita kiasi fulani. Ukiipa mtu mmoja anayesema, inafanya kazi nzuri ajabu kwa biti chache. Ukiipa kwaya ya watu thelathini pamoja na ngoma na kinanda, inachanganyikiwa, kwa sababu hakuna koo lolote duniani linalotoa sauti kama hiyo. Ndiyo sababu kwaya ilisikika kama upepo ndani ya jerikani, ilhali maneno ya bwana harusi yalisikika moja moja.

Siku ya nne nilimwambia shangazi kila kitu. Nilimwambia kwamba diski imekufa, kwamba nakala nzuri ilikuwepo, na kwamba niliifuta kwa kutojua. Nikamweleza pia, kwa sababu sikuwa na kingine cha kumpa, kwamba sauti iliyobaki ni sauti ya simu, iliyoandikwa kwa kanuni ile ile zinazotumia simu watu wanapoongea.

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema kwamba mumewe alikuwa akifanya kazi Bukavu, na mwaka wao wa mwisho walikuwa wakionana mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote waliongea kwenye simu. "Basi ni vile nilikuwa namusikia," akasema. "Ni ile sauti."

Sikuambiwa hivyo ili nijione sina hatia, na sijioni hivyo. Nyuso za wageni wa ukumbini zimepotea, ukiwemo wa nyanya yangu, ambaye naye sasa ni marehemu. Kwaya imepotea. Ndugu wa upande wa baba walisikiliza hotuba siku ya komunyo kupitia spika, televisheni ikiwa imezimwa. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikifikiri kwamba kila kodeki ni uamuzi. Kuna mtu mahali fulani aliyeamua ni kitu gani sikio au jicho linaweza kukosa bila kulalamika. Aliyetengeneza AMR aliamua kwamba neno la mtu ni muhimu kuliko wimbo. Kijana wa kibandani aliamua kwamba ni afadhali video icheze leo kwenye simu ya shangazi kuliko kupendeza kesho. Nami niliamua, bila kujua kwamba naamua, kuwa asili haina kazi tena.

Sisi wanafunzi wa lugha tunapaswa kulielewa hili kuliko wengine, kwa sababu ndilo tatizo la tafsiri. Anayetafsiri kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili huacha kitu. Anayeichukua tafsiri hiyo na kuipeleka katika Kinyarwanda, bila kuiona asili, huacha kingine juu ya kile kilichokwisha achwa. Video nayo iko hivyo. Kila inapoandikwa upya kwa kodeki inayopunguza, kuna kinachotupwa, na kilichotupwa hakirudi hata ukiigeuza tena iwe kubwa. Wako wanaochukua video mbovu ya kutumiana kwa simu, wakaigeuza kuwa ya vipimo vikubwa, wakadhani wameiboresha. Wamepata faili kubwa lenye picha ile ile mbovu. Ni kama kuinakili tafsiri duni kwa mwandiko mzuri.

Wasimulizi wa agasobanuye nao wametufundisha jambo. Katika filamu hizo sauti ya msimulizi imechanganywa na ya filamu katika mkondo mmoja, kwa hiyo huwezi kuziondoa maelezo ukabaki na mazungumzo ya awali. Lakini vyombo kama MKV vinaweza kubeba mikondo kadhaa ya sauti bega kwa bega, Kinyarwanda, Kiswahili, Kiingereza, pamoja na maandishi ya chini ya lugha mbalimbali, na mtazamaji akachagua. Asili na tafsiri zikakaa nyumba moja. Ningependa siku moja tuone filamu zetu za Kiswahili zikitolewa hivyo.

Tatizo la kila siku katika mabweni yetu ni jingine kidogo. Mwanafunzi analeta filamu aliyoipata kwa rafiki. Kompyuta yake inaicheza, televisheni ya ukumbi inakataa. Au picha inaonekana na sauti haipo. Mara nyingi faili ni zima. Kodeki ya H.264, iliyotolewa mwaka 2003, inajulikana na karibu kila mashine. HEVC, iliyofuata mwaka 2013, inaweza kutoa picha ya ubora ule ule kwa takriban nusu ya ukubwa, lakini matumizi yake yanadaiwa malipo ya hataza, na televisheni nyingi za zamani au za bei nafuu hazina uwezo wa kuisoma. Sauti nazo ni hivyo hivyo: televisheni ikikosa kodeki ya sauti iliyotumika, itakuonyesha watu wakifumbua midomo tu. Kwa sababu ya malipo hayo, kampuni kadhaa kubwa ziliungana zikatoa mwaka 2018 kodeki nyingine, AV1, isiyotozwa ada. Nayo itachukua miaka kufika kwenye televisheni za vijijini kwetu.

Kwa hiyo wenzangu wakiniletea flashi siku hizi, sianzi kwa kugeuza. Kwanza nafungua faili kwa VLC na kutazama kilichomo. Ikiwa chombo tu ndicho kinachokataliwa, kodeki ikiwa inafahamika, natoa picha na sauti kutoka MKV na kuzipanga ndani ya MP4 bila kuziandika upya. Kazi hiyo huchukua muda mfupi na haipotezi kitu, kwa kuwa ni kuhamisha barua kutoka bahasha moja kwenda nyingine. Ikiwa ni kodeki inayokataliwa, basi hapo hakuna njia ila kuiandika upya, na jambo hilo nalifanya kwa nakala, kamwe si kwa kufuta ya awali. Na kama ni harusi, msiba au ubatizo, namwambia mwenyewe aweke ya awali mahali pawili tofauti kabla sijaigusa. Wengine huniona msumbufu.

Diski ya kwanza ya shangazi, ile ya kanisani, nimeinakili jinsi ilivyo, na faili lake sijalibadilisha hata jina. Liko kwenye diski ngumu hapa Gisenyi, na nakala nyingine iko kwa shangazi. Humo bwana harusi anasema neno moja tu, pale padre anapomuuliza kama anakubali. Sauti yake humo ni kamili, ya njia mbili, sampuli 44,100, na kwaya inasikika nzima nyuma yake.

Mtoto sasa ni kijana, na sauti yake imeanza kuwa nzito. Hivi karibuni alinipigia simu kutoka Goma kuniomba nimtumie tena lile faili la hotuba, kwa sababu amebadilisha simu. Nilimwuliza kama hataki hili la kanisani, lililo bora zaidi. Akasema atalichukua nalo, lakini kwanza nimtumie lile la kwanza. Nilipokuwa nikimsikiliza kwenye simu, kwa kitambo kidogo sikujua ninayemsikia ni yeye au ni baba yake.